Safari ya Barabara Kaskazini mwa Kenya, Kutoka Isiolo hadi Ziwa Turkana na Kurudi kwa Njia ya Maralal: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Njia hii inapita wapi hasa?

Ni mzunguko unaoanzia Isiolo na kupanda kaskazini kwa barabara kuu ya A2 kupitia Archer's Post, Laisamis na Logologo hadi mji wa Marsabit, ulio juu ya mlima. Kutoka hapo njia inateremka upande wa magharibi hadi Maikona, Kalacha na North Horr, kando ya jangwa la Chalbi, kisha inafika Loiyangalani kwenye ufuo wa mashariki wa Ziwa Turkana. Baada ya ziwa inageuka kusini kupitia South Horr na Baragoi hadi Maralal, na kutoka Maralal inashuka hadi Rumuruti na Nyahururu.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni takribani kilomita 260 za lami tupu. Ukishaiacha lami Marsabit hutaiona tena hadi ukaribie Maralal, na sehemu hiyo ya katikati ndiyo inayohitaji maandalizi yote yanayoelezwa hapa. Wapo wanaofika Turkana kwa njia ya Kitale na Lodwar, lakini hiyo ni safari ya ufuo wa magharibi na ina mambo yake.

Kwa nini mtu achague njia hii wakati kuna mbuga zinazofikika kwa urahisi zaidi?

Kwa sababu hakuna njia nyingine nchini Kenya inayomwonyesha msafiri waziwazi jinsi maji yalivyoamua historia ya watu. Kila mahali utakapolala katika mzunguko huu pana maji, na kila mahali penye maji pana kisa. Mto Ewaso Nyiro unalisha wanyama wa hifadhi za Samburu, Buffalo Springs na Shaba katikati ya nchi kavu. Mlima Marsabit unanasa ukungu na kuotesha msitu, huku tambarare zilizouzunguka zikiwa mawe matupu. Kalacha ni chemchemi pembezoni mwa chumvi. Loiyangalani ni chemchemi ya maji matamu kando ya ziwa ambalo maji yake hayafai kunywewa, na South Horr ni bonde lenye kijito kati ya milima miwili. Ukiitazama ramani kwa jicho hilo utaelewa kwa nini misafara ya ngamia, maafisa wa kikoloni, wamisionari na wahandisi wa barabara, wote walipita mlemle.

Mandhari pia hubadilika kwa kasi isiyo ya kawaida. Asubuhi unaweza kuwa umevaa sweta kwenye ukungu wa Marsabit, na alasiri ukawa Chalbi unatafuta kivuli usikipate.

Inahitaji siku ngapi?

Usiku nane ndio muda ninaoupendekeza bila kusita: mmoja karibu na Archer's Post, miwili Marsabit, mmoja Kalacha au North Horr, miwili Loiyangalani, mmoja South Horr na mmoja Maralal. Anayetaka kufika Hifadhi ya Taifa ya Sibiloi, iliyo kaskazini zaidi kwenye ufuo huohuo wa mashariki, aongeze angalau usiku miwili. Inawezekana kuzunguka kwa siku tano, na madereva wenye haraka hufanya hivyo, lakini atakayefanya hivyo atakuwa amekwenda kuiona barabara tu. Tena, siku ya ziada ndiyo inayokuokoa mvua inaponyesha au springi inapokatika.

Ni afadhali kuanzia Isiolo au kuanzia Maralal?

Kuanzia Isiolo kuna faida tatu. Kwanza, lami ya A2 inakupa kilomita nyingi za kulisikiliza gari kabla ya kuliingiza kwenye mawe, na tatizo likijitokeza mafundi wa Isiolo na Marsabit wako karibu. Pili, ukiwa Marsabit unaweza kuuliza hali ya Chalbi kwa madereva wa malori waliotoka huko siku hiyohiyo. Tatu, ukiambiwa Chalbi ina maji, hujapoteza safari, kwa kuwa unaweza kurudi hadi Laisamis na kushika barabara ya kuelekea Sarima, ile ya takribani kilomita 208 iliyotengenezwa upya ili mitambo ya mradi wa umeme wa upepo iweze kusafirishwa, kisha ukaendelea hadi Loiyangalani bila kuigusa Chalbi.

Ni kweli kwamba anayetoka kusini huliona ziwa kwa ghafla akiwa juu ya mteremko wa mawe meusi, na wengi husema hiyo ndiyo picha bora ya safari nzima. Ukizunguka kwa njia ninayoipendekeza, mandhari hiyo itakuwa nyuma yako unapopanda kutoka ziwani. Usimame, ushuke garini, ugeuke. Rangi ya maji hubadilika kadiri jua na upepo vinavyobadilika, kutoka kijivu hadi bluu hadi kijani.

Gari la aina gani linafaa?

Hadi Marsabit, gari lolote zima linafika. Kuanzia hapo unahitaji gari la juu linaloendeshwa na magurudumu yote manne, lenye springi imara na magurudumu mawili ya akiba, si moja. Mawe ya volkano kati ya North Horr na Loiyangalani, na yale ya kusini mwa ziwa, hupasua gurudumu ubavuni ambapo kiraka hakishiki, na ndiyo maana gurudumu moja la akiba halitoshi. Beba pampu ya upepo, jeki na ubao mpana wa kuiwekea ili isizame mchangani, sepetu, kamba ya kuvutia, mkanda wa feni na maji ya radieta yaliyotengwa na maji ya kunywa.

Kwenye mchanga laini punguza upepo wa magurudumu, na ukirudi kwenye mawe uujaze tena kabla hujaendelea, kwa sababu gurudumu lililolegea ndilo linalopasuliwa kwa urahisi. Kwenye makunyanzi ya barabara usishindane na mtu. Mwendo unaolifanya gari litulie ni ule ambao bado unakuruhusu kusimama ghafla mbuzi wakitokea, na hakuna mwingine wa kuutafuta.

Magari mawili yakiongozana ni bora kuliko moja. Ikiwa unalo moja tu, chukua mwenyeji wa kukuongoza kutoka Marsabit au North Horr, kwani alama za magurudumu huko zinatawanyika na kukutana tena ovyo, na ramani ya simu haijui ni ipi iliyosombwa na maji mwezi uliopita.

Chalbi inapitika wakati gani?

Chalbi ni sakafu ya ziwa la kale lililokauka, na tabia yake inatokana na asili hiyo. Juu kuna tabaka gumu la chumvi na udongo mweupe, na chini yake, baada ya mvua, kuna tope lisiloonekana. Wakati wa kiangazi unaweza kuendesha hapo kwa raha isiyopatikana kwenye barabara nyingine yoyote ya kaskazini. Mvua ikinyesha, maji hutuama na gari huzama hadi mhimili, tena mahali ambapo hakuna mti wa kufungia kamba.

Kwa kawaida mvua huja kati ya Machi na Mei, kisha kati ya Oktoba na Desemba, ingawa huko kaskazini huja kwa vipindi vifupi visivyotabirika na miaka mingine hukosekana kabisa. Miezi ya Januari, Februari, na kuanzia Juni hadi Septemba ndiyo ya kutegemewa zaidi. Hata katika miezi hiyo uliza kwanza. Usiache njia iliyokwisha kukanyagwa na malori kwa sababu tu umeona uwanja mpana na mweupe mbele yako, na ukiwa na shaka shuka utembee kwa miguu hatua kadhaa: mguu ukiacha shimo lenye unyevu, geuza gari.

Sarabi ya mchana ni ya kweli na inapotosha umbali. Ngamia wanaoonekana wakielea juu ya maji wapo kweli, ila wako mbali kuliko unavyodhani na maji hayapo.

Nikikuta laga imejaa maji nifanye nini?

Subiri. Laga ni mkondo wa mto ulio mkavu hadi mvua inyeshe. Nyingi, zikiwemo zile zinazoteremka kutoka milima ya Ndoto, Nyiru na Mathews, hujaa ghafla kwa mvua iliyonyesha juu milimani huku mahali ulipo jua linawaka. Maji hayo huja na magogo na mawe, lakini pia hupungua baada ya saa chache. Wanaopoteza magari, na wakati mwingine maisha, ni wale waliojaribu kuwahi. Kwa sababu hiyohiyo usipige hema ndani ya laga, hata kama mchanga wake ni laini na kivuli chake kinavutia kuliko mahali pengine popote.

Nitapata wapi mafuta, maji na chakula?

Vituo vya mafuta vya kutegemewa viko Isiolo, Marsabit na Maralal. Katikati mafuta huuzwa kwa madumu North Horr, Loiyangalani na Baragoi, kwa bei ya juu na bila hakika kwamba yatakuwepo siku utakayofika. Hesabu mafuta ya kukutoa Marsabit hadi Maralal, ongeza robo, kisha uyabebe yote. Mwendo wa gia za chini kwenye mchanga na mawe hula mafuta kuliko kipimo chochote ulichozoea barabarani.

Maji ya kunywa yasipungue lita tano kwa mtu kwa siku, pamoja na akiba ya siku mbili ambayo haiguswi. Chakula cha kawaida utakipata katika kila mji uliotajwa: chapati, maharagwe, nyama ya mbuzi, na chai ya maziwa iliyokolea. Loiyangalani kuna samaki. Matunda na mboga ununue Isiolo au Marsabit, kwani huko mbele ni adimu na yaliyopo yamesafiri mbali.

Usalama ukoje?

Barabara ya A2 hupitwa na mabasi na malori kila siku, na wasafiri wengi huimaliza bila tukio. Sehemu inayohitaji uangalifu zaidi ni kati ya South Horr, Baragoi na Maralal, pamoja na maeneo yanayopakana na bonde la Suguta, ambako wizi wa mifugo na mapigano ya kijamii yamegharimu maisha ya watu wengi. Mnamo Novemba 2012 makumi ya maafisa wa polisi waliuawa Suguta walipokuwa wakifuatilia mifugo iliyoibwa karibu na Baragoi. Hali hiyo hupanda na kushuka, na mara nyingi haimlengi mgeni, lakini risasi haiulizi mtu anatoka wapi.

Utaratibu unaofaa ni kuripoti katika kituo cha polisi cha kila mji kabla ya kuondoka, kueleza unakokwenda, na kukubali ushauri hata ukikupotezea siku. Wakikuambia usubiri magari mengine au uchukue askari wa akiba, fanya hivyo. Usiendeshe usiku mahali popote kaskazini mwa Archer's Post. Kwenye vizuizi vya polisi uwe na kitambulisho au pasipoti mkononi.

Lipo jambo jingine ambalo halitajwi vya kutosha. Karibu na Archer's Post kuna uwanja wa mazoezi ya kijeshi uliotumiwa kwa miaka mingi, hata na wanajeshi wa Uingereza, na mabomu ambayo hayakulipuka yaliua na kulemaza wafugaji na watoto wao. Mwaka 2002 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa fidia zaidi ya walalamikaji 200 wa jamii za Wasamburu na Wamaasai. Usitembee ovyo nje ya njia katika eneo hilo, na usiguse chuma chochote kilicholala chini.

Kwa nini lami ilichelewa sana kufika huku?

Jibu linaanzia zama za ukoloni. Serikali ya Waingereza iliitawala nchi hii kama Northern Frontier District, wilaya ya mpakani iliyofungwa, ambayo mtu hakuruhusiwa kuingia wala kutoka bila kibali. Vituo vyake vya utawala viliwekwa kwenye maji, na Archer's Post imebaki na jina la Geoffrey Archer, afisa aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa utawala huo mwanzoni mwa karne ya 20.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 vita vya Shifta, vya wapiganaji waliotaka kaskazini ijitenge na kujiunga na Somalia, viliwaka na kuendelea hadi mwaka 1967, na eneo zima likawekwa chini ya sheria za hali ya hatari ambazo hazikufutwa hadi mwaka 1991. Wakati huohuo waraka wa serikali wa mwaka 1965, ule unaojulikana kama Sessional Paper Namba 10, ulielekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yenye mvua na ardhi ya kilimo, kwa hoja kwamba huko zingezaa haraka zaidi. Wafugaji wa kaskazini walibaki na vumbi. Lami ilifika Merille kwanza, ikaendelea hadi Marsabit, na kufikia mwaka 2017 barabara yote hadi Moyale mpakani mwa Ethiopia ilikuwa imekamilika, ikiwa sehemu ya njia kuu inayokusudiwa kuunganisha Cairo na Cape Town. Safari ya Isiolo hadi Marsabit iliyokuwa ikimaliza siku nzima juu ya lori sasa huchukua saa chache. Mwenyeji wa makamo akikusimulia wagonjwa waliofia njiani, msikilize mpaka mwisho. Hiyo nayo ni sehemu ya barabara unayoisafiria.

Kabla ya Marsabit kuna mahali pa kusimama?

Papo, na pawili panastahili nusu siku. Mlima Ololokwe, wenye kilele bapa na kuta wima upande wa mashariki, ni mtakatifu kwa Wasamburu na unapandwa kwa miguu ukiwa na mwongozaji kutoka hifadhi ya jamii ya Namunyak. Anza kabla ya jua kuchomoza. Katika hifadhi hiyohiyo kuna Reteti, kituo cha kulelea ndovu yatima kilichofunguliwa mwaka 2016 na kinachomilikiwa na jamii yenyewe. Karibu na Archer's Post kuna pia kijiji cha Umoja, kilichoanzishwa mwaka 1990 na wanawake wa Kisamburu waliokimbia ukatili, ambao hadi leo wanaishi humo bila wanaume na kuuza shanga wanazozitengeneza wenyewe. Ukitaka kununua shanga za safari hii, nunua hapo.

Marsabit kuna nini zaidi ya mahali pa kulala?

Kuna msitu juu ya mlima wa volkano, na ndani ya msitu kuna makreta yenye maji. Lile maarufu zaidi ni Ziwa Paradise, lililozungukwa na ukuta wa kreta na miti yenye kuvumwani inayoning'inia kama ndevu. Wapiga picha Martin na Osa Johnson kutoka Marekani waliishi kando yake miaka ya 1920 na kulitangaza ulimwenguni. Maji ya makreta haya hupungua sana miaka ya ukame, kwa hiyo usishangae ukikuta nyasi mahali ulipotarajia ziwa.

Hapa ndipo alipoishi Ahmed, ndovu mwenye pembe ndefu mno ambaye Rais Jomo Kenyatta alimwekea ulinzi maalumu kwa amri ya mwaka 1970. Aliishi hadi mwaka 1974 na kufa kifo cha kawaida, na mifupa yake imehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ambako sanamu yake pia imesimamishwa. Usitarajie kuona ndovu wengi kwa siku moja. Msitu ni mnene nao wanajua kujificha. Kiingilio cha hifadhi hulipwa kwa njia ya mtandao wa serikali, kwa hiyo lipa ukiwa mjini ambako simu inashika.

Jambo ninalolithamini zaidi Marsabit ni visima vya kuimba, vilivyo karibu na mji. Wafugaji wa Kiborana husimama ndani ya kisima kirefu mmoja juu ya mwingine, wakirushiana ndoo kwa mdundo wa wimbo hadi maji yafike kwenye birika la ng'ombe. Wimbo huo ndio unaopanga kazi: ukikatika, ndoo inaanguka. Hufanyika wakati wa kiangazi tu, mvua zikiwa zimekatika. Uombe ruhusa kwa mzee wa kisima kabla hujasogea, na usikatize zamu ya mifugo kwa ajili ya picha.

Ziwa Turkana lina umuhimu gani, na naweza kuogelea?

Turkana ni ziwa kubwa kuliko yote ya kudumu yaliyo jangwani duniani, likiwa na eneo la takribani kilomita za mraba 6,400. Karibu asilimia 90 ya maji yanayoingia huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia, na hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kupaa tu, yakiacha chumvi na magadi. Kwa hiyo linategemea mambo yanayotendeka mbali sana na ufuo wake. Hifadhi za Taifa za Ziwa Turkana ziliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1997, na mwaka 2018 UNESCO ikaziweka katika orodha ya urithi ulio hatarini, hasa kwa sababu ya mabwawa ya Omo. Anayesimama Loiyangalani anapaswa kujua hilo.

Mwaka 1888 Samuel Teleki na Ludwig von Höhnel walifika hapa na kuliita Rudolf, jina la mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo lilidumu hadi mwaka 1975. Wenyeji, bila shaka, walikuwa na majina yao tangu kale. Wa-El Molo, mojawapo ya jamii ndogo kabisa nchini, bado wanavua samaki kutoka vijiji vya Layeni na Komote. Maji ya ziwa yenye madini mengi ya floridi yameyaharibu meno na mifupa yao kwa vizazi.

Usiogelee. Mamba ni wengi, na upepo huinua mawimbi makubwa kwa dakika chache. Mwaka 1934 wanasayansi wawili wa msafara wa Vivian Fuchs walivuka hadi Kisiwa cha Kusini na hawakuonekana tena. Ukipanda boti, vaa koti la kuokolea, na nahodha akisema hapana ukubali.

Sibiloi inastahili siku za ziada?

Kwa mwenye hamu ya asili ya binadamu, ndiyo, tena bila mjadala. Utafiti wa Koobi Fora, eneo la visukuku ndani ya hifadhi hiyo, ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960 ukiongozwa na Richard Leakey, na mwaka 1972 Mkenya Bernard Ngeneo aliona vipande vya fuvu la binadamu wa kale lililokuja kuitwa KNM-ER 1470, la takribani miaka milioni 1.9. Ndani ya hifadhi kuna miti iliyogeuka mawe, ushahidi kwamba nchi hii kavu iliwahi kuwa na misitu na mito mikubwa. Jarigole, upande huohuo wa ziwa, kuna nguzo za mawe na maziko ya wafugaji wa zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, waliojenga mahali pa kuwakumbuka wafu wao wakati ziwa lilipokuwa likipungua. Kwa asiyevutiwa na mambo hayo, Sibiloi itakuwa joto na mawe. Makumbusho ya Jangwani ya Loiyangalani yatamtosha.

Upepo wa Loiyangalani ni mkali kiasi cha kuzuia kulala kwenye hema?

Unavuma usiku hadi asubuhi, ukiteremka kutoka upande wa Mlima Kulal, na hema jepesi litapasuka. Lala ndani ya nyumba, au funga hema kwenye kivuli cha mikoma na uligandamize kwa mawe makubwa. Upepo huohuo ndio unaozungusha mitambo 365 utakayoiona Sarima ukielekea kusini. Mradi huo wa megawati 310 uliunganishwa na gridi ya taifa mwaka 2018 kwa laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Umeleta barabara na umeme kwa taifa, lakini mwaka 2021 mahakama mjini Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi hazikupatikana kwa kufuata sheria. Wenyeji watakueleza kwa nini jambo hilo bado linawauma.

Niishi vipi na wenyeji njiani?

Salimia kabla ya kuuliza njia. Salamu ya harakaharaka kupitia dirisha la gari huonekana kuwa dharau. Mzee aitwe mzee, mama aitwe mama, na ukikaribishwa chai kaa uinywe. Usipige picha ya mtu, mifugo, kisima au manyata bila kibali, na ukikubaliwa kwa malipo mkubaliane kabla. Wengine hukataa kabisa, na kukataa kwao hakuhitaji sababu. Kurusha ndege isiyo na rubani kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na katika maeneo yenye mapigano huleta hofu ya haki. Usigawe peremende wala fedha kwa watoto barabarani, kwani huwafanya wakimbilie magari. Ukitaka kusaidia, nunua kwao au ulizia shuleni.

Maji yako ya akiba ni jambo jingine. Mchungaji akikusimamisha na kuonyesha chupa tupu, mpe. Desturi ya nchi hii haimnyimi mtu maji.

Watoto na wazee wanaweza kusafiri?

Watoto wa umri wa kwenda shule huistahimili vizuri safari yenye mapumziko mengi. Kwa mtoto mchanga, mjamzito au mwenye maradhi ya moyo sipendekezi kupita Marsabit, kwa kuwa joto la ziwani hukaribia nyuzi 40 na hospitali kubwa ziko Marsabit na Maralal tu. Kata bima ya kusafirishwa kwa ndege wakati wa dharura kabla ya kuondoka nyumbani, na pata ushauri wa daktari kuhusu kinga ya malaria.

Simu na malipo vikoje?

Simu hushika mijini na kupotea kati ya mji na mji. M-Pesa hupokelewa karibu kila mahali penye mtandao, lakini beba noti ndogondogo za kutosha.

Kutoka Loiyangalani hadi Maralal kuna nini cha kuona?

Kuna South Horr, bonde la kijani chini ya Mlima Nyiru, na baada ya Chalbi na ziwa utaupokea mti wake wa kwanza kwa shukrani. Nyiru ni mlima mtakatifu wa Wasamburu na hupandwa na mwongozaji wa huko tu. Ukishapita Baragoi, barabara inapanda nyanda za Loroghi, hewa inapoa, na kwenye ukingo wa Losiolo ardhi inakatika chini ya miguu yako ikionyesha Bonde la Ufa hadi upeo wa macho. Fika hapo asubuhi, kabla ukungu wa joto haujaficha chini.

Maralal yenyewe ina nyumba ambamo Jomo Kenyatta aliwekwa na serikali ya kikoloni kuanzia Aprili 1961, alipoletwa kutoka Lodwar, hadi Agosti mwaka huohuo alipoachiliwa kwenda Gatundu. Hapo ndipo viongozi wa vyama na waandishi wa habari walipomfuata, na ni nyumba ya kawaida sana kwa mambo makubwa yaliyoamuliwa ndani yake. Imehifadhiwa kama kumbukumbu ya taifa. Mjini humu pia hufanyika mbio za ngamia zilizoanza mwaka 1990. Ukipanga safari yako ikutane nazo, weka chumba mapema.

Badala ya kwenda ziwani, naweza kuendelea hadi Moyale?

Unaweza, na kwa gari la kawaida. Lami inavuka Dida Galgalu, tambarare ya mawe meusi isiyo na mti, kisha Turbi na Sololo hadi mpakani. Ni safari ya nusu siku kutoka Marsabit. Jaza mafuta Marsabit, na ukitaka kuvuka kuingia Ethiopia na gari, hati za gari ziandaliwe Nairobi kabla hujaanza safari.